Kitufe Kisimeze Maneno: Namna ya Kukunja Maandishi Marefu

Tazama vitufe viwili. Cha kwanza kimeandikwa "Futa rekodi za vifurushi vilivyochukuliwa". Cha pili kimeandikwa "Futa rekodi za vifurushi vyote". Sasa vibane vyote viwili kwenye skrini ya simu ya bei nafuu, uiache programu ijiamulie yenyewe la kufanya na herufi zisizoenea. Mara nyingi itazikata na kuweka nukta tatu. Karani wa ofisi ya vifurushi ya chama cha matatu pale Thika atabaki akitazama vitufe viwili vinavyofanana herufi kwa herufi: "Futa rekodi za vifurushi…" Kimoja kinasafisha orodha, kingine kinateketeza kumbukumbu za mizigo ambayo wenyewe bado hawajaifuata.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeandika programu kati ya Ruiru na Thika: mwanafunzi wa JKUAT pale Juja, wa Mount Kenya University, wa Zetech, au fundi uliyejifunza mwenyewe na sasa unayaandikia maduka ya dawa, vyama vya akiba na ofisi za matatu. Kabla hujafungua msimbo wowote, shika kanuni moja: upana wa kitufe uamuliwe na skrini, kimo chake kiamuliwe na maneno. Mengine yote ni kujua kila zana inataka uiambie nini ili ikubali hivyo.

Kanuni hii ina uzito zaidi kwetu tunaoandika kwa Kiswahili. Tunga amri yoyote uone: kitenzi hutangulia, na kile kinachoitofautisha amri hii na ile hufuata nyuma. Tuma KSh 2,000 kwa Wanjiku. Ghairi tikiti ya Ruiru ya saa moja asubuhi. Anayekata mkia wa sentensi kama hizi hubakiza tendo na kumtupa mlengwa. Tena vitenzi vyetu hubeba mengi ndani ya neno moja. "Vilivyochukuliwa" ni neno la herufi 16, na ndani yake hamna nafasi hata moja ambapo kompyuta ingeweza kulikunja.

Zana nyingi za kuchorea violesura ziliundwa mahali ambapo kitufe kilitarajiwa kubeba neno moja au mawili mafupi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kazi ilikuwa ya kufasiri: programu ilikuwa imekwisha kuundwa, na Kiswahili kikaja kutafutiwa nafasi ndani yake. Wewe unayeanza programu mpya leo huna pingu hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Basi chora skrini zako kwa maneno ya Kiswahili tangu siku ya kwanza, Kiingereza ukijaribu baadaye. Mzazi anayemshonea mtoto sare ya shule huacha pindo la kushusha mtoto akirefuka. Nawe kiachie kitufe pindo la namna hiyo.

Anza na hesabu ya nafasi

Simu nyingi za Android zinazouzwa kwa bei ya chini zina upana wa takriban dp 360, dp ikiwa kipimo kisichobadilika hata pikseli zikisongamana zaidi. Acha pambizo ya dp 16 kila upande, unabaki na 328. Ukipanga vitufe viwili bega kwa bega na kuacha 8 kati yao, kila kimoja kinapata 160. Toa nafasi ya ndani, tuseme 24 kushoto na 24 kulia, na maneno yanabakiwa na 112. Kwa fonti ya ukubwa wa 14, herufi moja hula wastani wa dp 7 hivi. Umebaki na herufi kama 16 kwa mstari. Neno letu "vilivyochukuliwa" litaenea kwa shida, na mtumiaji akiikuza fonti kidogo tu, halienei tena.

Sasa vipange vitufe vile vile kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikichukua upana wote. Maneno yanapata dp 280, yaani herufi 40 hivi kwa mstari. "Futa rekodi za vifurushi vilivyochukuliwa" ina herufi na nafasi 41. Itakunjika mara moja, nayo itasomeka bila taabu. Kwa hiyo, kabla ya kuhangaika na mbinu za kukunja, jiulize kama vitufe hivyo vilistahili kukaa bega kwa bega. Lebo inayozidi maneno matatu ya Kiswahili ipe mstari wake mwenyewe kwenye simu.

Kwenye kompyuta hesabu ni nyingine, lakini usijidanganye kwamba nafasi ni tele. Maduka na ofisi nyingi hutumia kompyuta za mitumba zenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Windows ikiwekwa kukuza vitu kwa asilimia 125, nafasi ya kweli inashuka hadi kama 1093 kwa 614. Programu iliyochorwa kwenye skrini pana ya maabara ya chuo ikifika hapo huanza kusongamana.

Tkinter, ambako wengi huanzia

Anayejifunza Python hukutana na Tkinter mapema, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu inaonyesha tatizo lote waziwazi. Kitufe cha kawaida cha Tk hakikunji maneno mpaka ukiambie. Chaguo linaloitwa `wraplength` likiwa sifuri, mstari unaendelea hadi maneno yaishe, na kitufe kinakuwa kirefu kama reli. Lipe namba, na namba hiyo husomwa kama pikseli, wala si herufi:

```
import tkinter as tk

dirisha = tk.Tk()
dirisha.geometry("360x640")
dirisha.columnconfigure(0, weight=1)

kitufe = tk.Button(dirisha,
    text="Futa rekodi za vifurushi vilivyochukuliwa",
    wraplength=220, padx=12, pady=8)
kitufe.grid(row=0, column=0, sticky="ew")

dirisha.mainloop()
```

Mistari ikishakuwa miwili, `justify` ndiyo inayoamua kama itapangwa katikati, kushoto au kulia. Katikati ndiyo desturi yake. Usiweke `height=1`. Kwenye kitufe cha maandishi chaguo hilo huhesabu mistari, na mistari miwili haitaenea ndani ya kitufe. Wengi huliweka ili vitufe vilingane, kisha hawaelewi maneno yamekwenda wapi.

Namba 220 hapo juu ni ya kudumu, lakini dirisha halidumu na ukubwa mmoja. Mtumiaji akilipanua, maneno yanabaki yamejikunyata katikati. Tiba ni kukipa kitufe sikio la kusikia kila kinapobadilishwa ukubwa:

```
def kunja(tukio):
    tukio.widget.config(wraplength=tukio.width - 32)

kitufe.bind("<Configure>", kunja)
```

Hizo 32 ni nafasi ya pambizo za ndani na ukingo. Hapa pana mtego ambao lazima uujue. Kama upana wa kitufe unatokana na maneno yake yenyewe, kila kikisikia upana wake kitaukunja mstari kidogo, kitaomba upana mdogo zaidi, kitasikia tena, na kuendelea kusinyaa. Ndiyo maana mfano wa juu una `geometry` inayolipa dirisha ukubwa, una `weight=1` inayoipa safu nafasi yote, na una `sticky="ew"` inayokinyoosha kitufe kutoka ukingo hadi ukingo. Upana unatoka nje, kimo kinatoka ndani. Ukiona kitufe kinacheza au kinapungua chenyewe, umegeuza mpangilio huo.

Ukitumia vitufe vya `ttk`, ambavyo ni nadhifu zaidi, `wraplength` haikubaliki kwenye kitufe chenyewe, programu itakataa. Iweke kwenye mtindo: `style.configure("Refu.TButton", wraplength=220, justify="center")`, kisha ukipe kitufe mtindo huo. Kwa mandhari nyingi hilo latosha.

Qt, Swing na wengine

Katika Qt, `QPushButton` haina kabisa uwezo wa kukunja maneno kwa hiari yake. Itakubali alama ya mstari mpya ukiiweka mwenyewe ndani ya maneno, na hapo ndipo wengi huishia. Usiishie hapo. Alama hiyo imefungwa kwenye upana mmoja na lugha moja; skrini ikibadilika au mfasiri akileta maneno mengine, mkunjo unaangukia mahali pabaya. Njia imara ni kuweka `QLabel` ndani ya kitufe, kuiwashia `setWordWrap(True)`, na kuipa sifa ya `WA_TransparentForMouseEvents` ili mbofyo upite na kukifikia kitufe kilicho chini yake. Bado kazi mbili zimebaki. Kitufe hupima kimo chake kwa maneno yake mwenyewe, ambayo sasa hayapo, kwa hiyo andika upya `sizeHint` yake ili iulize lebo inahitaji kimo gani. Na kwa kuwa kitufe sasa hakina maandishi yake, kipe jina kwa `setAccessibleName`, la sivyo mtu asiyeona, anayetegemea sauti ya kompyuta, atasikia tu kwamba hapa pana kitufe.

Jambo dogo la Qt, ambalo pia lipo kwenye WinForms: alama ya & ndani ya lebo huliwa, ikageuka kuwa mstari chini ya herufi inayofuata. Ukitaka "Juja & Thika" ionekane hivyo, andika `Juja && Thika`. Au andika "Juja na Thika", ambayo ni bora.

Kwa Java Swing, `JButton` hukata maneno kwa nukta tatu nafasi ikikosekana. Ukiianza lebo kwa `<html>`, inakunjika. Lakini kimo inachoomba huwa cha mstari ambao haujakunjwa, mpaka uibane kwa kuandika `<html><body style='width:120px'>` mbele ya maneno. Tena kuwa mwangalifu na majina yanayotoka kwa wateja. Ukishaingia kwenye HTML, alama ya < ndani ya jina huvuruga lebo nzima, kwa hiyo ibadilishe kuwa `&lt;` kwanza.

WPF hutaka `TextBlock` yenye `TextWrapping="Wrap"` ndani ya kitufe. Vitufe vya asili vya Windows hutaka mtindo wa `BS_MULTILINE`. GTK hutaka umfikie mtoto aliye ndani ya kitufe, yaani lebo, na umwashie ukunjaji.

Wavuti, Android na Flutter

Hapa ndipo kazi nyingi za kulipwa zilipo. Kwenye wavuti, `<button>` hukunja maneno kwa kawaida, na ikishindwa, mara nyingi ni kwa sababu mtu ameikataza. Tafuta `white-space: nowrap` kwenye mitindo uliyorithi. Mwanzo mzuri ni huu:

```
.kitufe {
  max-width: 100%;
  min-width: 0;
  min-height: 48px;
  padding: 0.6em 1em;
  line-height: 1.35;
  white-space: normal;
  overflow-wrap: break-word;
}
```

Hakuna `height` hapo, ila `min-height` tu: kitufe kisiwe kifupi kuliko kidole, lakini kirefuke kikihitaji. Hiyo `min-width: 0` huonekana haina kazi hadi kitufe kiwekwe ndani ya mpangilio wa flex, ambako kila kipengele hukataa kusinyaa chini ya neno lake refu zaidi. Ukiweza, ongeza `text-wrap: balance`, ambayo Chrome iliipata mwaka 2023: huipanga mistari ilingane, isiwe mmoja mrefu na chini yake neno moja lililoachwa pweke.

Kwa Android, kosa la kawaida ni `layout_height="48dp"`. Andika `wrap_content`, kisha `minHeight` ya dp 48. Zima herufi kubwa zote kwa `textAllCaps="false"` kama mandhari yako inaziwasha; KABIDHI KIFURUSHI hula upana mwingi kuliko "Kabidhi kifurushi" na husomeka polepole zaidi. Kwenye Jetpack Compose tumia `heightIn(min = 48.dp)` badala ya `height`. Vitufe viwili vikikaa mstari mmoja, na kimoja kikakunjika peke yake, vifanye vilingane kwa kuipa `Row` kimo cha `IntrinsicSize.Min` na kila kitufe `fillMaxHeight`.

Flutter haifichi kosa lake. Maneno yakizidi ndani ya `Row`, wakati wa kujaribu utaona milia ya njano na nyeusi ukingoni. Kivishe kitufe `Expanded` au `Flexible`, na maneno yatakunjika.

Mahali pa kukunja

Sehemu hii wengi hawaifikii, nami naipenda kuliko zote, kwa kuwa kompyuta hukunja penye nafasi bila kujua maana. Wewe unaijua.

Anza na M-Pesa. Tangu 2007 jina hilo limeingia karibu katika kila programu ya biashara Kenya, na lina kistari katikati. Vivinjari na Android huruhusu mstari kukunjika baada ya kistari. Kitufe chembamba kitaandika "Lipa kwa M-" juu na "Pesa" chini. Badilisha kistari hicho kwa kile kisichokatika, chenye namba U+2011 katika Unicode. Kama fonti yako haina alama hiyo na inaonekana tofauti na herufi zingine, livalishe jina zima `span` yenye `white-space: nowrap`.

Kiasi cha fedha kisitengane na sarafu yake. "Tuma KSh" mwishoni mwa mstari na "2,000" mwanzoni mwa unaofuata humfanya msomaji asite pale ambapo hapaswi kusita. Kati ya KSh na namba weka nafasi isiyokatika, U+00A0, ambayo kwenye HTML ni `&nbsp;`. Fanya vivyo hivyo kwa majina ya mahali yenye maneno mawili: Blue Post, Fourteen Falls, Tatu City.

Kisha viunganishi. "Chapisha risiti ya / malipo" husomeka vibaya kuliko "Chapisha risiti / ya malipo". Ya, wa, za, kwa na na huegemea neno linalofuata. Mstari unaoishia kwa kimojawapo unaning'inia. Ifunge "ya malipo" kwa nafasi isiyokatika. Usifanye hivyo kila mahali, kwa kuwa lebo iliyofungwa yote haitakunjika popote, nawe utakuwa umerudi ulikoanzia. Funga jozi moja au mbili zilizo muhimu.

Maneno marefu kupita kitufe chenyewe yanahitaji kukatwa ndani. Usiiachie programu, maana itakata popote herufi zinapoishia. Kivinjari nacho hakikati kwa kistari ipasavyo mpaka kijue lugha na kiwe na kanuni zake; kwa hiyo andika `lang="sw"` kwenye ukurasa, lakini usitegemee hilo pekee. Weka kistari laini, U+00AD, mahali unapokubali neno likatwe. Hakionekani mpaka kihitajike. Kiswahili ni chepesi kwa kazi hii kwa sababu silabi zetu nyingi huishia kwa irabu: vilivyo, kisha chukuliwa. Usitenganishe ch, sh, ny, th, dh, gh, mb, nd wala ng'. Kata penye mwanya wa maana, kiambishi na mzizi, na msomaji hatahisi kitu.

Hiyo ng' ina jambo lake. Katika faili la maneno la Android, alama ya ritifaa lazima itanguliwe na mkwaju wa nyuma, la sivyo programu haitajengeka au alama itapotea. Njia inayopitia Mang'u huandikwa hivi:

```
<string name="mangu">Tuma kwenda Mang\'u</string>
```

Na ukiwaandikia watu wa Kiambu, kuna siku utaombwa lebo za Gĩkũyũ. Herufi ĩ na ũ zina alama juu yake. Mistari miwili iliyobanwa kwa `line-height: 1` huzifanya alama hizo zigusane na mikia ya g na y za mstari wa juu. Ndiyo sababu niliandika 1.35 hapo awali. Hakikisha pia fonti yako inazo. Fonti zisizo nazo huazima ĩ kutoka fonti nyingine, na jina la Mũrang'a linaonekana limeshonwa viraka.

Kuna pia mikunjo ya kukusudia. Kwenye barabara ya Thika abiria huijua njia kwa namba: 237 ni Thika, 145 ni Ruiru. Kitufe cha kuchagua njia kipe mistari miwili makusudi, namba juu kwa tarakimu kubwa na jina la mji chini. Hapo alama ya mstari mpya ni halali, kwa sababu ndiyo muundo wenyewe wa lebo.

Kabla ya kukunja, punguza maneno

Lebo ya mistari mitatu ndiyo ya mwisho ninayoikubali, na ya mistari minne si lebo tena. "Kabidhi kifurushi kwa mpokeaji baada ya kuthibitisha kitambulisho chake cha taifa na namba ya simu" ni kanuni ya kazi iliyojificha ndani ya kitufe. Itoe. Iweke juu ya kitufe kama maelezo, au kama visanduku viwili vya kuweka alama ya vema, kisha kitufe kiseme "Kabidhi kifurushi". Karani ataisoma kanuni wakati anaihitaji, na kitufe kitabaki na tendo lake.

Lakini usipunguze hadi maana ipotee. "Thibitisha" pekee, chini ya skrini iliyojaa maelezo, haisemi unathibitisha nini. "Thibitisha malipo" inasema. Vifupisho vya kujitungia kama "Thib. mal." viache. Jina la mtu likiingia kwenye lebo, tanguliza kiasi: "Tuma KSh 2,000 kwa" kisha jina, kwa kuwa jina ndilo lisilotabirika urefu, na likikunjika kiasi kitakuwa kimekwisha kusomwa.

Usikubali pia kishawishi cha kupunguza ukubwa wa fonti ili maneno yaenee. Android 14 inamruhusu mtumiaji kuikuza fonti hadi asilimia 200, na anayefanya hivyo ana sababu. Ukimpunguzia herufi kwenye kitufe, umeikataa sababu yake mahali pale anapokwenda kutuma fedha.

Jaribu nje ya maabara

Kuza fonti ya simu hadi mwisho kisha upitie kila skrini. Punguza dirisha la kivinjari hadi pikseli 320. Weka Windows kwenye asilimia 150. Ingiza jina refu kuliko yote uliyowahi kusikia, na kiasi cha tarakimu saba. Kisha ipeleke programu stejini, kwenye jua, umpe karani simu bila kumweleza lolote, na umwombe afanye kazi yake ya kawaida. Tazama macho yake yanasita wapi. Akiuliza "hii ni ipi?", kitufe hicho kina kasoro hata kama kinafanya kazi. Jaribu pia kwa TalkBack, kisoma skrini cha Android: hicho husoma lebo yote hata ile iliyokatwa kwa macho, nawe utagundua haraka vitufe ambavyo aliyefumba macho anaelezwa zaidi ya aliyeyafumbua.

Siku ya kukabidhi kazi, fungua msimbo wote na utafute maneno haya: `nowrap`, `text-overflow`, `ellipsize`, `singleLine`, `maxLines`, `height=1`, na kila kimo kilichoandikwa kwa namba kamili kwenye kitufe. Kwa kila utakachokipata, soma lebo inayohusika na ufikirie itakuwaje ikikatwa katikati. Kwenye orodha ya ujumbe au vichwa vya habari nukta tatu hazina madhara, ziache. Kwenye kitufe kinachotuma fedha, kinachofuta rekodi au kinachokabidhi mzigo wa mtu, ziondoe zote.